Ndege Moja, Kila Ofisi na Saa Yake

Siku ile mliponiita Nairobi kuniaga, baada ya keki na hotuba, wawili wenu mlinifuata mpaka mlango wa kantini mkaniambia niwaandikie. Mmoja akasema niandike vile nilivyopanda vyeo. Hayo sitayaandika. Vyeo vyangu viko kwenye faili, anayevitaka akavisome huko. Nitaandika juu ya jambo moja lililonikera kwa miaka thelathini na mmoja. Ndege nyingi nilizoziona zikichelewa hazikuchelewa kwa sababu ya mvua, wala injini, wala rubani. Zilichelewa kwa sababu mtu mmoja alijua kitu na hakumwambia mwenzake.

Sasa niko nyumbani Tawa, nina shamba la ndengu na mbuzi sita. Majirani wananiuliza kama nimewahi kuendesha ndege. Nawaambia nimewahi kuzingoja, na hiyo ndiyo kazi ngumu zaidi.

Nilifika kwenye uwanja mkuu wa ndege, Nairobi, nikiwa msichana wa miaka ishirini na mbili, na barua ya mchungaji wetu iliyosema kwamba sinywi pombe na kwamba najua kusoma saa. Ile sehemu ya saa niliiona ya ajabu wakati huo. Niliwekwa kwenye kikosi cha ngazi. Ndege inapoegeshwa, sisi tunasukuma ngazi mpaka mlangoni, mlango unafunguliwa, watu wanashuka. Mtu akikueleza hivyo unaona hakuna kinachoweza kuharibika.

Siku yangu ya kwanza tuliambiwa ndege ya saa tatu itaegeshwa namba tisa. Tukaenda namba tisa, watu wanne na ngazi mbili, tukasimama kwenye jua. Saa tatu ikapita. Saa tatu na robo ikapita. Niliona ndege imesimama mbali kule namba kumi na nne, taa zake zinawaka, nikauliza ile ni ya nani. Mwenzangu akasema si yetu, yetu inakuja hapa, tumeambiwa. Basi tukaendelea kungoja ndege yetu huku tukiitazama.

Baadaye nilijua kwamba mnara wa kuongozea ndege ulibadilisha maegesho mapema kwa sababu namba tisa ilikuwa na mafuta yaliyomwagika. Mnara ukamwambia rubani. Ofisi ya maegesho ikaambiwa. Watu wa mizigo wakaambiwa kwa sababu mmoja wao alikuwa anakunywa chai kwenye ofisi hiyo. Watu wa ngazi hawakuambiwa. Abiria mia na kitu walikaa ndani ya ndege iliyokwisha kufika, wakitutazama kwa madirisha.

Aliyekuja kutuchukua alikuwa Mzee Kariuki. Huyu alikuwa msimamizi wa zamu, mtu wa Murang'a, mfupi, mzee wa kanisa, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Aliniuliza kwa nini nimesimama pale. Nikasema tumeambiwa namba tisa. Akaniuliza nani alisema, na alisema saa ngapi. Sikujua. Akasema, "Ndinda, usipojua ni nani alisema na alisema saa ngapi, hujui kitu. Umesikia tu."

Nilikasirika. Nilikuwa nimeungua na jua, na huyu mzee ananiuliza maswali kana kwamba kosa ni langu. Lakini nilifanya kazi chini yake miaka kumi na minne, na swali hilo aliniuliza kila siku mpaka nikaanza kujiuliza mwenyewe.

Kwa nyinyi ambao mmeanza juzi, nieleze kidogo kazi yenyewe ilivyo. Ndege inatua, na pengine ina saa moja tu kabla ya kuondoka tena. Ndani ya saa hiyo watu wa usafi wanaingia, lori la mafuta linakuja, chakula kinapakiwa, mizigo inashushwa na mingine inapandishwa, mtu anapiga hesabu ya uzito, abiria wanaletwa, na mnara unatoa ruhusa ya kuondoka. Hawa wote ni wa kampuni tofauti. Kila moja ina bosi wake, redio yake, na siku hizi kompyuta yake. Lori la mafuta linapanga foleni kwa saa iliyoandikwa kwenye ratiba ya wiki jana. Basi la abiria linapanga kwa saa ambayo dereva alipigiwa simu. Mnara unapanga kwa saa ambayo shirika la ndege liliusomea. Ndege ni moja, lakini kila ofisi ina saa yake.

Na msidhani ni kutojua tu. Mara nyingi watu walijua na wakanyamaza makusudi. Shirika likijua ndege yake itachelewa, halisemi, kwa sababu likisema litanyang'anywa maegesho mazuri, lipewe shirika lingine. Watu wa mizigo wakijua wamepungukiwa na trekta, hawasemi, kwa sababu wataandikwa wao kwenye kitabu cha makosa. Kila mtu anangoja mwenzake akiri kwanza. Habari ya kuchelewa ilifichwa kama ugonjwa wa aibu, na mwishowe ikajitokeza yenyewe mbele ya abiria mia mbili waliokwisha kupanga foleni.

Mzee Kariuki alikuwa na dawa yake moja, nayo ilikuwa viatu. Alitembea. Ukimwambia kwenye redio kwamba mafuta yako njiani, alikwenda kuliona lori. Ukimwambia mizigo imekwisha, alikwenda kuchungulia tumbo la ndege. Sisi vijana tulimcheka. Alimaliza soli za viatu haraka kuliko mtu yeyote niliyemjua.

Sasa nifike kwenye siku ambayo singependa kuiandika.

Wakati huo nilikuwa mratibu wa ndege, yaani mimi ndiye niliyesimama chini ya ndege na orodha mkononi, nikihakikisha kila kitu kimefika kwa wakati. Mratibu mwenzangu alikuwa Odongo. Siku moja kabla, ndege moja ilichelewa dakika ishirini, naye akaandika kwenye kitabu kwamba kosa lilikuwa langu. Halikuwa langu. Tukaacha kusemezana, watu wazima wawili.

Asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili kasorobo, nilikuwa kantini. Musyoki, dereva wa lori la kunyanyulia, akaja kuchukua chai. Lori hilo ndilo linalompandisha mgonjwa mpaka mlango wa ndege pamoja na kiti chake cha magurudumu. Tulikuwa na moja tu. Musyoki akaniambia linavuja mafuta ya kunyanyulia na analipeleka gereji, halitarudi kabla ya mchana. Nikamwambia pole. Akaenda.

Ndege ya saa mbili ilikuwa ya Odongo. Niliwaza kwamba kama kuna mgonjwa, lori litahitajika, na Odongo anapaswa kujua. Halafu nikawaza kwamba Musyoki atamwambia mwenyewe. Halafu nikawaza kwamba Odongo ni mtu mwenye akili nyingi za kuandika vitabuni, ataligundua. Nikamaliza chai yangu.

Musyoki naye, kama alivyoniambia baadaye, aliamini kwamba ameshatoa habari, kwa sababu alimwambia mratibu. Huyo mratibu alikuwa mimi.

Kwenye ndege hiyo walikuwa na safari dada wawili kutoka Nuu. Mdogo aliitwa Mumbua, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na figo zake zilikuwa zimekufa. Mkubwa aliitwa Kanini, naye ndiye aliyekuwa anampa figo moja. Kanisa lao lilikuwa limefunga na kuwaombea wiki nzima. Walikuwa wanakwenda ng'ambo kwa upasuaji, na njiani walipaswa kubadilisha ndege, wakiwa na saa moja tu ya kufanya hivyo. Mumbua alikuwa akisafishwa damu kila baada ya siku mbili, na hospitali ya huko ilikuwa inamngoja asafishwe jioni ile ile. Tangu walipokata tiketi, iliandikwa kwamba msafiri huyu hawezi kupanda ngazi. Iliandikwa vizuri kabisa, ndani ya kompyuta ambayo sisi tuliokuwa chini ya ndege hatukuwahi kuiona.

Saa mbili kasoro dakika ishirini nilisikia kelele kwenye redio. Odongo alikuwa anaita lori la kunyanyulia. Aliliita mara tatu. Mimi nilikuwa kwenye ndege ya pili tu kutoka pale, hatua kama mia mbili. Nilikimbia.

Abiria wote walikuwa wameshapanda. Chini ya ngazi alikuwa Mumbua kwenye kiti cha magurudumu, amejifunga leso mbili, mwembamba, uso umevimba. Kifuani alikuwa na mpira wa kusafishia damu, kwa hiyo hakuna mtu aliyethubutu kumbeba. Kanini alikuwa amesimama nyuma yake akishika mpini wa kiti. Aliposikia namna ninavyozungumza, akanigeukia na kuniuliza kwa Kikamba, taratibu, tunangoja nini. Nikamwambia tunangoja lori. Akauliza liko wapi. Nikasema linakuja.

Halikuwa linakuja. Nilijua hivyo kwa karibu saa mbili nzima.

Nikamwambia Odongo pale pale kwamba liko gereji. Alinitazama, akaniuliza nimejua lini, nikamwambia. Alianza kupigia simu kampuni jirani, ambayo ilikuwa na lori kama lile, na wao wakataka kuambiwa nusu saa kabla, na karatasi isainiwe na mkubwa ambaye hakuwa amefika. Rubani alikuwa na ruhusa ya kuondoka saa mbili na dakika tano. Hakuna aliyeuambia mnara kwamba tuna shida, kwa sababu kila mmoja wetu alitumaini tutaiwahi. Ruhusa ikapita. Mnara ukatupanga nyuma ya ndege nyingine saba.

Lori la jirani lilipofika mwishowe, Mumbua akapandishwa, na ndege ikaondoka ikiwa imechelewa saa moja na dakika kumi. Nilibaki nikiitazama mpaka ikawa doa. Jioni nilimtafuta mtu wa shirika, nikamsihi aniangalizie. Wale dada hawakuiwahi ndege ya pili. Walilala kwenye viti vya uwanja wa nchi ambayo hawakujua lugha yake, Mumbua akashindwa kupumua, maji yakiwa yamejaa mapafuni, wakampeleka hospitali ya huko kwa dharura. Alikaa siku kumi na mbili akiwa taabani. Upasuaji ulifanyika wiki tano baada ya siku uliyopangiwa, naye alipona, namshukuru Mungu. Lakini zile siku kumi na mbili hakuna wa kumrudishia.

Mzee Kariuki aliniita. Nilitaka kumwambia habari za Odongo na kitabu, na za Musyoki na chai. Nilipofungua mdomo nikajikuta nasema, "Nilijua saa kumi na mbili kasorobo." Akatikisa kichwa. Akaniambia nikipata namba ya simu ya wale dada niwaambie wao hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo.

Ilinichukua miezi mitatu kupata ujasiri. Wakati huo walikuwa wamesharudi Nuu. Kanini alishika simu, nikamweleza mimi ni nani, na nilijua nini, na saa ngapi.

Kisha akasema, "Sisi tulikuwa pale kwenye viti tangu saa kumi na moja. Mumbua na hicho kiti chake, kila mtu anapita akituona. Si mngetuuliza tu?"

Katika ofisi zote zile, na redio zote zile, hakuna mtu hata mmoja aliyefikiria kumwendea msafiri mwenyewe na kumuuliza, mama, utapanda vipi?

Baada ya hapo Mzee Kariuki alikwenda gereji akaomba ubao, akaupaka rangi nyeusi, tukaupigilia misumari ukutani karibu na mlango wa kantini, mahali ambapo kila kampuni inapita. Ulikuwa na safu nne: ndege gani, itaondoka lini kwa kweli, nani amesema, amesema saa ngapi. Sheria ilikuwa moja. Ukijua kitu, andika, hata kama ni kibaya, hata kama ni chako. Na ukiandika cha kwako mwenyewe kabla hakijaharibu, huandikwi kwenye kitabu.

Watu wa kampuni nyingine walikuja kuusoma kuanzia siku ya kwanza, lakini kuandika hawakutaka. Walisimama na vikombe vyao, wanachukua habari zetu, wanaondoka na zao. Hali hiyo ilinichosha karibu mwezi mzima. Aliyevunja ukimya ni Odongo. Asubuhi moja aliandika kwa chaki, kwa herufi kubwa, kwamba ndege yake itachelewa dakika arobaini kwa sababu yeye mwenyewe amesahau kuagiza chakula. Kantini nzima ilicheka. Lakini lori la mafuta lilisoma, likaenda kuhudumia ndege nyingine kwanza, na mnara ukapewa saa ya kweli, na siku hiyo ndege tatu ziliondoka kwa wakati kwa sababu ya moja iliyochelewa wazi wazi. Mimi na Odongo tulianza kusemezana tena. Ni rafiki yangu hadi sasa, ingawa bado anaandika sana.

Ubao ulidumu miaka sita. Mzee Kariuki alistaafu akauacha. Kisha uwanja ukaletewa mtambo wa kompyuta ambao kila kampuni ingeingiza saa zake na wote waone. Niliufurahia kuliko mtu yeyote. Nilikwenda mafunzo siku tatu nikakaa mstari wa mbele. Ubao ukang'olewa, wakasema unaharibu sura ya ukuta.

Mwezi haukuisha nikagundua watu wanaingiza saa za uongo. Shirika lililojua litachelewa liliacha saa ya ratiba vile vile mpaka dakika ya mwisho. Watu wa mizigo walibonyeza kwamba wamemaliza kabla ya kuanza, kwa sababu mtambo ulikuwa unahesabu ni nani anayechelewesha. Ubaoni ulikuwa unaona mwandiko wa mtu na jina lake. Humu uliona rangi ya kijani tu. Nilikuwa nikisimama chini ya ndege isiyokuwa hata na tone la mafuta huku skrini ikiniambia imeshajazwa. Nikipiga simu kuuliza, najibiwa, "Lakini si kwa kompyuta iko sawa?"

Tuliwahi kuitwa kwenye semina ya kuboresha mawasiliano. Ukumbi ulibadilishwa, na nusu yetu hatukuambiwa.

Nilipobakiza miaka mitatu ya kazi, mama yangu alianza kuugua, nikaomba nipelekwe karibu na nyumbani. Kampuni yetu ilikuwa imepata kazi ya kusimamia kiwanja kidogo cha ndege, cha changarawe, kaskazini mwa Kitui, upande wa Kyuso. Mkubwa wangu alinipeleka huko akaona amenifanyia hisani. Kwake yeye Tawa na Kyuso zote ni Ukambani. Hakuna aliyemwambia kwamba kutoka kwa mama yangu mpaka kituo changu kipya ni safari ya siku nzima, mbali zaidi kuliko nilipokuwa Nairobi. Sikumlaumu sana. Ramani ilikuwa kwenye ofisi nyingine.

Nilijifariji kwamba angalau huko kazi itakuwa rahisi. Ndege mbili au tatu kwa wiki, za kukodi, za madaktari na watu wa serikali. Njia moja ya kurukia na kutua, kibanda kimoja, kitambaa cha kuonyesha upepo, na mimi. Nani atamficha nani?

Basi sikilizeni. Mwaka wangu wa mwisho, madaktari wa macho walipangiwa kuja Kyuso kwa siku moja kuwatoa wazee mtoto wa jicho. Kambi ilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, na msimamizi wake alikuwa Mama Mchungaji Nduku, mwanamke mwenye sauti nzito aliyebeba daftari kila aendako. Aliandikisha wazee hamsini na watatu. Wengine walikuwa wametoka mbali, wamelala kwa jamaa au kwenye mabenchi ya kanisa. Ndege ilitakiwa kufika saa tatu asubuhi.

Jioni ya kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha kidogo, ile ya kulowesha vumbi tu. Utaratibu ulisema kwamba mvua ikinyesha, njia ithibitishwe kabla ndege haijaruka. Saa moja asubuhi nilivaa gambuti nikaitembea njia nzima, kutoka mwanzo mpaka mwisho na kurudi, nikikandamiza kisigino kila hatua chache. Ilikuwa ngumu kama sakafu. Saa moja na nusu nilituma taarifa kwa simu kwa afisa wetu wa Kitui mjini, ambaye angeipeleka makao makuu, ambao wangeipeleka kwa watu wa safari, ambao wangemwambia rubani.

Saa tatu ikafika bila ndege. Nikampigia afisa, simu haipatikani. Nikapiga makao makuu, wakaniambia hawajapokea kitu kutoka Kitui. Nikawaambia basi pokeeni kutoka kwangu, mimi ndiye niliye kwenye njia yenyewe. Yule kijana akanijibu kwa adabu kabisa kwamba taarifa ya njia inapitia kwa afisa wa eneo. Nikamuuliza, je, afisa wa eneo ameiona njia? Akasema hilo hawezi kulijua.

Saa nne na robo Mama Mchungaji alifika kwa bodaboda, daftari kwapani. Hakugomba. Alisimama mbele ya kibanda akaitazama njia, kavu, nyeupe, imenyooka.

"Mwaitu Ndinda," akasema, akiniita mama kwa Kikamba, "niwaambie wazee nini?"

Nikamwambia ndege iko Nairobi inangoja ruhusa.

"Inangoja ruhusa ya nani?"

"Ya kwamba hapa pamekauka."

Akainama, akachota mchanga, akauacha upepo uupeperushe kutoka kwenye vidole vyake. Akanitazama. Jamani, nilikuwa na miaka zaidi ya hamsini na nilitaka kulia.

Rubani wa ndege ile nilikuwa na namba yake kwa sababu aliwahi kuniomba nimtafutie asali. Sheria ilikataza kumpigia rubani moja kwa moja, na ni sheria iliyotungwa kwa sababu nzuri. Ukiruhusu kila mtu ampigie rubani, siku moja atapigiwa na mjinga. Nilijua hayo yote. Nikapiga.

Alikuwa amekaa ndani ya ndege, madaktari nyuma yake, dawa zimepakiwa. Aliniambia wameambiwa njia haijathibitishwa, na ikifika saa tano wanavunja safari, kwa sababu kesho yake wana kambi nyingine kwingine. Nikamwambia njia ni kavu. Akauliza, "Umeitembea wewe mwenyewe?"

"Mwanzo mpaka mwisho. Na nimerudi."

Akasema, "Basi nitawaambia mnara nimepata neno la uwanjani kwa jina lako. Uko tayari jina lako liandikwe?"

Nikamwambia aandike yote mawili, Esther Ndinda.

Ndege ilitua saa tano na nusu. Madaktari walishuka wakikimbia, nao walifanya kazi mpaka mwanga ulipoanza kupungua, kwa kuwa kiwanja chetu hakina taa na ndege ilibidi iruke kabla ya giza. Waliwahi wazee arobaini na mmoja. Kumi na wawili walibaki kwenye mabenchi na karatasi zao za namba mikononi. Laiti ndege ingefika saa tatu, wote wangemalizwa, daktari mkubwa aliniambia hivyo mwenyewe akifunga masanduku.

Nilikwenda kanisani kuwaomba radhi. Mmoja wao, bibi ambaye macho yake yalikuwa meupe kabisa, aliuliza nani anazungumza. Mama Mchungaji akamwambia ni mama wa ndege. Bibi akasema si kitu, wangesema tu mapema kwamba hawatamfikia, angekula asubuhi. Alikuwa amekaa na njaa tangu jana akiogopa kuharibu kazi ya daktari.

Saa nane ya siku hiyo, wakati ndege imeegeshwa mbele ya kibanda changu na kuku wamelala kwenye kivuli cha bawa lake, simu yangu ililia. Ulikuwa ujumbe kutoka makao makuu. Ulisema kiwanja kimethibitishwa kuwa kikavu na ndege sasa inaweza kuondoka Nairobi.

Kambi ya macho haikurudi Kyuso kwa muda wote niliobaki pale.

Nilistaafu, nikafunga vitu vyangu, nikarudi Tawa. Nilikuwa nimekaa nyumbani miezi miwili, nimeshapanda na kupalilia, siku moja ya soko mtu wa duka la pembejeo akaniita akasema ana bahasha yangu. Ilikuwa imezunguka. Ilikuwa na mihuri ya makao makuu, ya Kitui mjini, na ya kiwanja chenyewe, na juu yake watu watatu tofauti walikuwa wamekata anwani na kuandika nyingine.

Ndani ilikuwa barua ya onyo. Ilisema kwamba niliwasiliana na rubani nje ya utaratibu, na nilitakiwa kujieleza kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne. Siku hizo zilikuwa zimekwisha nikiwa bado kazini.

Mume wangu alisema niitupe. Nilifikiria kuitupa. Kisha nikampigia simu Mama Mchungaji Nduku, nikamwomba afungue daftari lake anisomee wale kumi na wawili. Alinisomea taratibu, na umri wao, na kijiji cha kila mmoja. Wawili alisema hawako tena. Nikaandika majina yote kwenye karatasi, moja chini ya lingine, na mwishoni nikaandika kwamba haya ndiyo maelezo yangu. Nikaweka sahihi, tarehe, na saa.

Nimeituma kupitia kwa afisa wa eneo, kama utaratibu unavyotaka. Mpaka leo sijui kama imefika.